Bakteria wa Tangi la Gesti

Flavia, leo nimeumbuka! Lile tangi la chuma la maji moto hapa gesti limetoboka, nami nikamfokea fundi Hyasinti mbele ya wageni: "Umeniuzia bati!"

Akalifungua tu. Chini kuna tope jeusi, linanuka kama yai viza.

"Dada Otilia, humu kuna bakteria wanaopenda joto. Wanatoa gesi inayokula chuma. Si nilikwambia uwe unalisafisha?"

Na bado nikabisha! "Maji ya moto yanaua wadudu wote!"

"Hawa hukuwaua, dada. Ulikuwa unawapashia maji ya kuoga."

KUWAPASHIA MAJI YA KUOGA, Flavia!

Wageni walicheka hadi nami nikacheka. Nimemwomba radhi palepale. Sokoni Mbamba Bay wameshaanza kuniita Mama Bakteria.