Mjomba Anataka Nirudishe Toleo Dogo

Shangazi Valeria mpendwa, shikamoo. Naomba unishauri, ila nakuambia mapema kwamba siandiki ili nihurumiwe, na jina langu usilifiche, liandike gazetini kama lilivyo, kwa sababu nusu ya Lindi wameshalisikia jambo hili na aliyewatangazia ni mjomba wangu mwenyewe.

Mimi ni Anjelina, wazazi wangu walishuka kutoka Newala zamani wakaja kulima na kuuza vitu huku Lindi, nami nafanya kazi kwa mjomba Laurenti, kaka wa mama yangu, ambaye alikuwa mtunza ghala wa shirika moja la umma mpaka mashirika yalipobinafsishwa akapunguzwa kazi, akafungua duka la kuchapa barua na kutoa kopi, duka likakua likawa ofisi ya kompyuta. Na sisi kwetu, shangazi, unajua mjomba ni nani, baba anaweza kukaa kimya lakini mjomba akishasema imekwisha, yeye ndiye aliyenisomesha chuo na yeye ndiye atakayekaa mbele siku nikiposwa, kwa hiyo usinijibu kirahisi kwamba nifungashe nguo niondoke.

Kazi yangu ni kuchora skrini, yaani kile unachokiona ukifungua programu, picha, vitufe, rangi, mahali pa kubonyeza, navichora mimi kwenye kompyuta kwa programu maalumu ya kuchorea, halafu fundi mwingine anakuja kuvitia uhai. Safari hii tulipata kazi ya vikundi vya wakulima wa korosho vya Kitomanga, Kikole na Njinjo, kila kikundi kimepewa kompyuta ya umeme wa jua, mkulima anafika ofisini, anabonyeza picha ya jani linalofanana na lake lililougua, anauliza swali kwa mdomo, kwa Kimwera, kwa Kimatumbi, kwa lugha yoyote anayoiota, kompyuta inarekodi, na bwana shamba akipita anasikiliza na kumjibu kwa mdomo vilevile. Kwa mdomo, shangazi, hapo ndipo penye kazi yote, maana wengi hawakusoma na wengine wana maswali ambayo hawawezi kumtamkia karani ayaandike.

Sasa programu hii ya kuchorea haisimami peke yake, inaegemea kile mafundi wanachokiita fremuweki, bunda la zana zilizokwisha kutengenezwa ambazo programu yako inaziazima, na bunda hilo lina toleo dogo na toleo kamili. Ukiifungua programu ya kuchorea inajichukulia toleo dogo bila kukuuliza, ni jepesi, linatosha kwa picha na vitufe, lakini zana ya kurekodi sauti haimo. Nikawa nimechora kitufe kizuri chenye picha ya mdomo, ukikibonyeza kinabadilika rangi halafu basi, hakirekodi chochote, uzuri mtupu. Fundi wetu alikuwa ameshahamia Dar, nikaona nitamngoja nani, nikaingia mwenyewe kwenye mipangilio, nikasoma, nikakosea, nikaharibu kazi niliyokuwa nimeimaliza, nikaanza upya, mpaka nikaielekeza programu ya kuchorea iegemee toleo kamili, na niliposikia sauti yangu inanirudia kutoka kwenye kile kitufe nililia, na sioni haya kusema.

Kitomanga nilikwenda mwenyewe nikaweka toleo kamili kwenye kompyuta yao, Kikole pia. Kikole yuko mama mmoja mtu mzima, Bi Somoe, anapuliza salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu, kwenye mikorosho yake kwa mikono yake, alikaa mbele ya skrini, akageuka kuhakikisha karani ametoka, akabonyeza mdomo akasema, "Mie nikipuliza salfa kifua kinabana na macho yanawaka. Na binti yangu huyu ananyonyesha, naye ananisaidia kupuliza. Je, maziwa yale hayamdhuru mtoto?" Shangazi, karani wa kikundi ni mkwewe, mume wa huyo binti, na wewe unajua mama mkwe wa kwetu hawezi kukaa na mkwewe akamtajia maziwa ya mkewe, hata kutazamana wanatazamana kwa pembeni, swali hilo lingekaa naye mpaka kaburini.

Njinjo sikufika kwa sababu masika yalikata barabara, nikampa dereva wa lori CD yenye toleo kamili, halafu nikampigia simu mzee Kondo anayetunza kompyuta ya kule, nikamwamkia, nikamwuliza kama wameshaiweka, akaniitikia marahaba mwanangu, tayari, tunashukuru sana, nami nikaamini. Haikuwa tayari. Siku ya uzinduzi barabara imekauka, wageni wa wilaya wamekaa palepale Njinjo, turubai limetandwa, pilau inanukia, mjomba kavaa suti, akabonyeza, na kompyuta ikakataa kabisa kuifungua programu kwa kuwa ndani ina toleo dogo tu. Akabonyeza tena na tena mbele ya umati, watu wakaanza kucheka, na mimi nimesimama nyuma nikitamani ardhi ipasuke.

Baada ya hapo mjomba akamleta kijana kutoka Dar, Ambrosi, mtaalamu kweli simnyimi, akaangalia mara moja akasema, "Dada, wewe chora. Hizi za ndani tuachie wenyewe." Shauri lake ni programu irudi kwenye toleo dogo ambalo kila kompyuta linalo, kitufe cha mdomo kiondolewe, pawekwe kisanduku cha kuandikia, na asiyejua kuandika aandikiwe na karani. Mjomba akaita ukoo, wajomba wote wakakaa, akasema, "Mpwa wangu, nilikusomesha uchore. Nani alikutuma kufungua tumbo la mashine? Jumapili tukitoka kanisani utapiga magoti hapa mbele ya wajomba zako, useme umekosa, na urudishe toleo dogo kama lilivyokuwa." Nikamjibu, "Mjomba, magoti nitapiga. Toleo dogo sirudishi." Mama akajifunika uso kwa kanga. Tangu hapo mjomba haniitikii salamu, amenipokonya funguo za ofisi, lakini kazi yenyewe imo kwenye kompyuta niliyonayo nyumbani na neno la siri nalijua mimi peke yangu, na hata Ambrosi alivyo mtaalamu, alikuja akajaribu, hajaweza kuifungua.

Wamezoea kuniambia mimi ni wa kupamba. Nimechoka kuwa wa kupamba. Nishauri nifanye nini Jumapili, lakini tafadhali usiniambie nitulie.

Anjelina, Lindi mjini

JIBU LA SHANGAZI VALERIA

Marahaba, Anjelina. Pole kwa yaliyokupata chini ya lile turubai, maana kuaibika ukiwa umesimama nyuma ya watu kunauma kuliko kuaibika mbele. Pole hiyo inatosha, sasa tusemezane.

Kwanza umenikasirisha. Unajigamba jina lako lisifichwe, ushujaa mzuri, lakini katika barua hiyohiyo umemwanika mama mtu mzima na maziwa ya binti yake na mkwe wake, tena gazetini, gazeti ambalo karani anajua kulisoma! Alitazama nyuma ndipo akasema. Wewe hukutazama. Basi jina ulilolisoma hapo juu nimelibuni mimi, na kijiji chake nimekibadilisha, na safari nyingine ukitaka kuonyesha uzuri wa kazi yako tumia siri zako mwenyewe.

Pili, Njinjo. Hapo kosa ni lako na usimsukumie mzee Kondo wala dereva wa lori. Umezaliwa Lindi, umekulia Lindi, hujui kwamba mzee wa kwetu akipigiwa simu na binti wa watu, akaamkiwa vizuri, hawezi kumkatisha tamaa kwa kumwambia CD ipo kabatini na hajui pa kuitia? Alikujibu kwa adabu. Adabu ile ilikuwa ya kukupa moyo, haikuwa taarifa ya fundi. Mambo haya hayaulizwi kwa "mmeshaweka?" Mwambie, "Mzee, naomba uniwashie kompyuta sasa hivi, uniambie unaona nini." Au ungoje barabara ikauke, utangulie kabla ya wageni. Ulijifunza mpaka ndani ya mashine, ukasahau watu unaokula nao kila siku.

Lakini ulipobadilisha toleo hukukosa. Soma sentensi hiyo tena. Toleo dogo lilikuwa limewekwa na mtu asiyekujua wewe wala Kikole wala salfa, aliweka lililo jepesi kwake, na wewe ukaona halitoshi ukaenda kutafuta linalotosha. Huko kunaitwa kufanya kazi. Kama mjomba anadhani kuchora kitufe cha mdomo kisichosema ndiko kuijua nafasi yako, mjomba amekosea, na nasema hivyo nikijua atasoma. Kaka Laurenti, salamu. Wewe mwenyewe ulipopunguzwa kazi hukungoja mtu akutume ufungue duka. Mpwa wako amekufuata wewe, usimwadhibu kwa kufanana nawe.

Huyo Ambrosi naye simlaumu sana, anasema kama alivyofundishwa. Kompyuta zote zina toleo dogo, basi turudi kwenye toleo dogo, kwake ni rahisi. Tena ana haki katika jambo moja, kwamba programu isiyofunguka haimsaidii mtu hata ikiwa kamili namna gani. Dawa ya hilo ni kwenda kuweka toleo kamili Njinjo, kwani ni kompyuta moja tu! Kuwanyamazisha wanawake wa vijiji vyote vitatu kwa sababu ya kompyuta moja ambayo hamkuitembelea, huo ni uvivu uliovaa suti.

Sasa kuhusu neno la siri. Mpe mjomba. Najua hukutegemea kusikia hilo kutoka kwangu, na najua unaona ndiyo silaha pekee iliyobaki mkononi mwako. Mpe hata hivyo. Kazi ile ni ya wale wakulima, si yako wala si ya mjomba, na ukiifungia ndani utakuwa umefanya lilelile unalolikataa, kuwazuia watu wasiseme. Kabla ya kumpa, tengeneza nakala, umpelekee kila mwenyekiti wa kikundi ya kwake na umweleze wazi toleo kamili linafanya nini na dogo linaondoa nini. Wao ndio wenye kazi. Atakayetaka kuondoa kitufe cha mdomo aende akawaambie wao usoni.

Halafu kuna kitu hukukiandika popote, na nimeitafuta barua yako juu mpaka chini. Je, yule mama alijibiwa? Umenieleza suti, turubai, pilau, ukoo, funguo, kila kitu, lakini swali lake umeliacha humohumo kwenye kompyuta. Msimu wa salfa unabisha hodi. Kesho, kabla ya ugomvi mwingine wowote, mwambie bwana shamba akalisikilize kwa siri, na akamwulize daktari wa zahanati, kwa sababu kifua na maziwa si mambo ya shamba peke yake. Wakati jibu linasubiriwa, mama ajifunge kitambaa puani na mdomoni na asimame upande upepo unakotoka, na binti anayenyonyesha asipulize kabisa, apewe jembe au kazi nyingine. Programu yako itakuwa imefanya kazi siku mama huyo atakapolisikia jibu, si siku uliposikia sauti yako ukalia.

Jumamosi nenda Njinjo. Weka toleo kamili kwa mkono wako, mwite mzee Kondo aifungue mwenyewe, wewe ukae pembeni bila kugusa kitu mpaka ameweza. Waombe radhi watu wa Njinjo kwa kuwaandalia wageni shughuli iliyoharibika, maana wao walipika.

Jumapili ukitoka kanisani piga magoti, na uyapige vizuri, si ya kununa. Sema ulikosa kwa kutokwenda Njinjo, ulimwaibisha mjomba mbele ya watu, unamwomba radhi kwa hilo, na umeshakwenda kurekebisha. Mkabidhi neno la siri hapohapo, mikono yote miwili. Atafurahi, wajomba wataitikia kwa vichwa, mama yako atafunua uso. Kisha, kwa kuwa ni mwanamume mwenye kichwa kigumu na ndugu zake wanamtazama, atauliza: na toleo dogo, unalirudisha?

Tazama chini kama heshima inavyotaka, na kwa sauti ambayo hata aliyekaa mlangoni ataisikia, sema: "Hapana, mjomba." Usieleze, usilie, usiongeze neno. Wenye kuongea zaidi sasa wawe wakulima wenyewe, nakala wanazo.