Mama Mkwe Kibarazani

Kitaji, Jumanne

Kibaraza ni nje, hata kikiwa na paa. Amesema mama mkwe, aliyefika asubuhi kutoka Bunda. Kwa mila yao haingii nyumbani kwa mkwe, wala mimi sipiti karibu yake. Basi akaketi kibarazani, mbele ya mlango wetu pekee. Mimi nilikuwa ndani, na saa nne nilitakiwa Butiama kwenye mahojiano na mzee mmoja.

"Mama, sogea kidogo baba Neema atoke," mke wangu alimwomba.

"Mkwe hasogezwagi. Kwani nimemfunga kamba?"

Nilitokea dirisha la jikoni, kalamu mdomoni. Jirani akapaza sauti, "Mwizi huyo, kaiba kalamu!"

Butiama nilifika saa sita. Mzee wa mahojiano alishaondoka.

Mama anakaa wiki mbili, analala kwa jirani. Fundi anakuja kesho saa moja kutoboa ukuta wa nyuma, tupate mlango wa pili.