Kumtembeza Badriya

Jumamosi, 4 Machi 1978. Riyadh

Mwanamize kapiga simu ofisini kutoka Jidda. Wanafika Jumatano kwa umra: Mama, mdogo wangu Badriya, na mume wa Badriya. Kasema hivyo tu, halafu kasema kuna mtu mlangoni, akakata. Mke wangu huyu kwa kawaida huaga mara nne.

Bosi kanipa ruhusa mpaka Jumamosi ijayo. "Yalla, msalimie mama."

Miaka kumi na nne sijamwona Mama. Viza yake peke yake imenichukua miwili. Nilipaswa kurukaruka. Badala yake nimekaa nikapiga chapa barua tatu za saruji iliyokwama bandarini, bila kukosea hata herufi. Nje wanachimba barabara ya Sulimaniyah kwa mara ya tatu mwaka huu. Sijui furaha ikija huanzia wapi mwilini. Yangu haijaanza.

Jumanne, 7 Machi. Jidda

Nyumbani Bab Sharif. Chumba cha Mama kimefagiliwa, lakini godoro bado limo ndani ya nailoni, limesimamishwa ukutani. Nimeuliza. Mwanamize kasema atatandika kesho, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Nimekaa na barua za Mama, nikatoa humo kila anachotaka kuona. Msikiti wenye mnara wa zamani. Majumba yenye roshani za mbao. Soko la Alawi. Bahari, "maana wasema hiyo ni bahari nyingine". Na kaburi la Bibi Hawa, "nikamsalimie bibi yetu sote". Nimepanga njia kwa magoti ya mtu wa miaka sabini na moja: hatua mia mbili, kiti. Muuza bizari ana kiti. Fundi saa ana viti viwili. Hapo nilifurahi kidogo, nikiri.

Jumatano, 8 Machi

Wametoka wawili.

Mama miguu imemvimba, kasema Badriya, daktari kamkataza ndege. Atakuja mwakani inshallah. Mumewe alikuwa anaangalia masanduku. Nikasema haya. Badriya nilimwacha wa miaka kumi na moja, sasa kanizidi urefu. Kaniamkia, kanishika mkono, hakuuachia mpaka kwenye gari.

Sikuuliza daktari gani.

Alhamisi, 9 Machi

Saa kumi na nusu alasiri. Nimesema nabadilisha nguo. Nimefunga mlango, naandika.

Asubuhi Mzee Mbarouk alikuja kumchukua shemeji, eti washughulikie safari ya Makka. Yeye ndiye mkubwa wetu sisi watu wa Unguja hapa Jidda, hakosi shughuli. Mwanamize akaniambia kwenye chai: "Mtembeze wifi yangu auone mji. Msirudi mapema, mie nna kazi ndani."

Basi nikamtembeza. Saa tatu tukawa chini ya mnara. Nikaeleza una miaka mingapi, Badriya akaitikia. Nikaeleza roshani, mbao zinatoka wapi, kwa nini wanawake waliona barabara bila kuonekana. Akaitikia. Akasema ni kama kwetu Shangani, ila huku wanabomoa. Kweli. Nyumba niliyofikia mwaka sitini na nne sasa ni shimo lenye uzio wa mabati, na winchi ya njano juu yake. Nilisimama hapo nikitafuta kusikia kitu. Nikasikia mashine ya kuchanganya zege.

Kila nikisema tupumzike, yeye: "Na kule kuna nini, kaka?" Tukaona soko la Alawi. Tukaona soko la dhahabu, ambalo halikuwemo kwenye barua. Tukaona foleni ya watu nje ya benki, akaitazama kama kitu cha kihistoria. Adhuhuri maduka yakafungwa, nikaingia kuswali, nikamkuta barazani pale pale, hajavua hata kiatu.

Nikasema sasa twende kaburi la Bibi Hawa. Wanawake hawaingii, lakini ukuta utauona, ukamsimulie Mama.

"Si leo, kaka," kasema. "Popote utakapo, lakini makaburini si leo."

Alisema taratibu, uso kaugeuzia duka la vitambaa lililofungwa. Kisha: "Una kiu wewe. N'kununulie sharubati?" Pesa za hapa hata hazijui. Akafungua mkoba, akanyoosha kiganja chenye noti, nichague mwenyewe.

Hapo nikajua.

Mwaka juzi baba yake Nassor, mwenzetu wa hapa Jidda, alifariki Pemba. Sisi hatumtumii mtu habari kama hiyo kwa simu. Hufikishiwa uso kwa uso, wenziwe wakiwa wamekwisha kusanyika, asiipokee peke yake. Mzee Mbarouk alinituma mimi nimtoe Nassor nyumbani mpaka watu watimie. Nikamzungusha madukani saa tano nzima nikitafuta viatu nisivyovihitaji. Nilimnunulia sharubati ya embe. Akanishukuru.

Kumbe tangu asubuhi si mimi niliyekuwa namtembeza Badriya.

Ningemuuliza angejibu. Uso wake hauwezi uongo. Sikuuliza. Maadamu tunatembea, Mama amevimba miguu tu, yuko nyumbani Kikwajuni, kaiegemeza juu ya mto, anamlalamikia daktari. Nikanywa sharubati. Nikasema bado hatujaona bahari.

Nikampitisha njia ndefu. Nikamwonesha mlango ambao hauna historia yoyote, nikaubunia. Nikamwonesha bohari. Kule pwani wanajaza kifusi kutengeneza barabara, malori yamepangana, maji yako mbali kuliko yalivyokuwa mwezi uliopita. Badriya alikuwa anachechemea, ukanda wa kiatu umemkata kisigino. Aliviringisha kitambaa akakichomeka hapo, akaendelea. Nilimwonea huruma. Ndicho kitu pekee nilichokihisi kutwa, na bado sikusimama.

"Umechoka?" nikamuuliza.

"Sijachoka. Wewe je?"

"Mie wala."

Tukatembea tena. Alasiri ikaadhiniwa, nikaswali, nikatoka, nikamwambia liko jengo refu jipya upande wa kaskazini, si mbali. Akakaa juu ya jiwe.

"Kaka, turudi. Watu wanatungoja."

Sikuuliza watu gani. Nikamshika mkono tukarudi polepole, kwa kisigino chake.

Mlangoni viatu vilikuwa jozi sita. Sebuleni viti vimeondolewa, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta. Mwanamize kanipokea bila kuniangalia, macho mekundu. Harufu ya udi. Wanaume wamekaa, wakanyamaza nilipoingia, wakaitikia salamu kwa pamoja. Nassor yumo. Nikasema nabadilisha nguo, nakuja.

Najaribu kulia, nione. Hakuna. Mwandiko wangu ni mzuri. Nilitaka kumwandikia Mama leo jinsi tulivyotembea, nikakumbuka.

Mlango wa nje umefunguliwa tena. Ni Mzee Mbarouk, namjua kwa kikohozi. Anauliza kwa sauti ya chini, lakini nyumba hizi kuta zake za ndani ni mbao.

"Keshaambiwa?"

"Bado, mzee," Badriya anajibu. "Tulikuwa tunatembea."

Mtu anajisogeza kwenye mkeka kumpisha mtu. Mwanamize anagonga. "Ghalib. Wazee wanakwita."

Nimemwambia nakuja, natafuta kofia.

Kofia ninayo kichwani.