Mahali Ukili Ulipolegea

Bibi,

Salamu nimeshakutolea kaburini na dua nakuombea kila nikimaliza kusali, kwa hivyo hapa sitazunguka. Nina suali. Unamjua mjukuu wako, suali likimkaa kooni hatulii, na hili limenikaa tangu ulipotutoka.

Ulikuwa ukijuaje kwamba sijui?

Miaka yote ile ya skuli tulikaa barazani kwetu Jadida tukisuka ukili, ile tepe ndefu ya kushonea mikeka, kila mmoja na chane zake za majani ya ukindu. Nikirudi skuli lazima nile kwanza, hilo halikuwa na mjadala, kisha nikae kitako nikusomeshe nilichosomeshwa. Ulisema wewe hukupelekwa skuli, basi niende mimi nikuletee. Nikakuletea mishipa ya damu, nikakuletea figo, nusu yake kwa Kiingereza. Hukuijua hata herufi moja ya Kizungu. Lakini kila nilipofika pahala nikababaisha, hapo hapo ulinikata: "Hapo rudi, mwanangu. Hapo hapajapita." Na kweli palikuwa hapajapita. Nilimwambia mama kuwa una jini anayejua Kiingereza.

Nilipoingia chuo cha afya kule Chake, muhula wa kwanza haujesha ukaondoka. Nikaacha ukili. Kusema kweli sikuweza kuushika, mikono ilikataa. Nikaanza kusoma kama nilivyowaona wenzangu niliolala nao dakhalia: kimya, kwa macho tu, na kalamu ya njano mkononi, mpaka daftari halina tena pahala peupe. Kulala nikalala kidogo mno. Asubuhi soda na biskuti, mimi ambaye hukunipa kitabu hata siku moja kabla sijanywa uji. Kila ukurasa niliutazama nikaona naujua. Hakukuwa na mtu wa kuniambia nirudi.

Mtihani wa mwili wa binadamu nikaanguka. Wakanipa wa marudio, na nikianguka na huo, chuo basi, narudi nyumbani. Nililia sana, Bibi. Nilikulilia wewe zaidi kuliko mtihani.

Nilipokwenda nyumbani likizo, mama akaingia mvunguni mwa kitanda chako akatoka na pakacha. Ndani mlikuwa na ukili uliouacha, umeuviringa, ncha umeifunga usifumuke, na chane zilizobaki pembeni. Akasema mwenyewe ulishausia kuwa ni wangu. Nikaubeba mpaka dakhalia.

Maryam, mwenzangu wa chumbani, mtoto wa Chokocho, alipouona alicheka. "Wewe wasomea uuguzi au wasomea mikeka?" Kisha akaomba chane. Na yeye alikuwa na marudio yale yale. Basi tukapanga: usiku tunalala kama watu, tukishasali alfajiri tunapika uji, tukishakunywa tunasuka, na mmoja anamsomesha mwenziwe.

Asubuhi ya tatu zamu ilikuwa yake. Akawa anaeleza damu inavyopita ndani ya moyo. Maneno yanamtoka vizuri, Kiingereza kimesimama, na mimi mwenyewe somo lile lilikuwa limeshanitoka, nisingejua kama anapatia au anakosea. Nikawa namtazama mikono tu. Mara mikono ikasimama. Mdomo unaendelea, mikono imesimama. Nikamwambia, "Hapo umepafahamu?"

Alicheka mpaka chane zikamdondoka. "Wallahi sijafahamu hata kidogo. Umejuaje?"

Bibi! Suali langu, linatoka mdomoni mwa mtu mwengine. Kumbe miaka yote ile ulikuwa hunisikilizi. Ulikuwa ukinitazama mikono! Nikacheka, kisha nikalia, Maryam akabaki ananishangaa.

Basi hamu ikanishika. Nikautoa ule mkeka niliousuka mwaka wa kidato cha nne, ninaosalia mpaka leo, nikaupapasa ukili kwa ukili. Kuna pahala umekaza, na kuna pahala umelegea, kidole kinazama kidogo. Pahala pamojawapo ni pale nilipobabaisha somo la figo, sina shaka.

Kwenye chumba cha mtihani hatukuingia na chane, lakini vidole vyangu vilisuka chini ya meza. Kwenye suali moja vikasimama. Sikubabaisha. Nikaliruka, nikafanya mengine, nikalirudia mwisho kwa utulivu. Tumefaulu, Bibi, mimi na Maryam.

Ningekomea hapo. Lakini unanijua. Juzi niliukunjua ukili wako wote sakafuni nione wako ulivyo. Pima kwa pima, umekaza, sikupata pa kutia kidole. Mpaka nikafika kwenye chane za zambarau.

Zile tulizitia rangi pamoja, mara ya mwisho nilipokuja kukutazama kutoka chuo, na ulizianza siku ile ile nikiwa ubavuni pako. Nilikuuliza, "Bibi, waumwa?" Hukuinua kichwa. "Mie nzima. Soma."

Hapo ukili umelegea. Umelegea mpaka mwisho wake.

Mimi nilikuwa natazama kitabu.

Sikulaumu. Najilaumu mwenyewe, kisha naacha, kisha naanza tena. Sijui kama ningeona kitu ingesaidia. Hilo ni suali jengine, na hilo sidhani kama nitalipatia jawabu.

Pale ulipolegea sikupafumua. Nimeunga chane zangu hapo hapo, na mkeka ukishonwa patakuwemo kama palivyo. Pumzika, Bibi yangu, Mola akupe nuru huko uliko. Siku nitakayovaa sare, akaja mtu mzima akakaa mbele yangu, akanambia hana kitu, mzima tu, nakuahidi nitaweka kalamu chini nimtazame mikono.

Mjukuu wako,
Zuhura