Ubeti Nisioutunga

Dayton, Ohio
Juni 1971

Mdogo wangu Delphia,

Pokea salamu za dada yako asiyetulia. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na kifua cha Mama kimepata nafuu. Mimi mzima, ila usingizi umenihama. Juzi nilikuwa Chicago, leo niko huku, na nikikaa mahali siku mbili miguu inaniwasha.

Santuri yangu ya tatu imetoka na watu wananishangilia. Lakini kila nikiuimba ule wimbo wa mlango, nakosa raha. Unajua niliutunga ndani ya basi, asubuhi ile Mama aliponiambia nichague, gitaa au nyumba yake. Miaka yote naumaliza palepale, mlango unapofungwa. Nawe uliniandikia kwamba redio ikinitaja tu, Mama huizima.

Sasa sikiliza. Jana nilipomaliza kuimba mgahawani, alinijia mzee Estill Fugate, mtu wa kwetu aliyehamia huku kufanya kazi kiwandani. Alikuwa amenuna kweli.

"Binti, wimbo wa wazee wetu unauharibu. Gitaa linaupigia kelele, halafu mwisho unaukata."

Nilimwambia kwa upole kwamba wimbo ni wangu. Akacheka, akasema vijana wa siku hizi hata milima watadai wameiumba wao. Yeye aliusikia mwezi uliopita huko kwetu Caney, siku ya kupamba makaburi, ukiimbwa bila ala kama kanisani kwetu. Aliyeongoza alikuwa mama mrefu asiye na kidole cha shahada mkono wa kushoto. Alitaja mstari, watu wakaurudia kwa kuvuta sauti, mpaka mwisho.

Kwa kidole hicho nilijua ni Mama. Mzee akaniimbia ubeti wa mwisho, ambao mimi sikuutunga. Ndani yake mama anaamka alfajiri, anaondoa komeo, anauacha mlango wazi na baridi iingie itakavyo.

Delphia, nililia mbele za watu. Bila shaka nawe ulikuwepo makaburini ukanyamaza, hilo tutalizungumza. Nilikuwa niende California Jumatatu. Siendi. Nakuja nyumbani, na gitaa naliacha kwa mzee Estill, ambaye ameapa hataligusa.

Nisalimie shemeji na majirani wote. Mama mwambie usiku afunge mlango, asije akazidiwa na kifua. Nitabisha hodi.

Ni mimi dada yako,
Orlena