Mwanamke wa Kijapani Mwenye Nywele Fupi

Mjukuu wangu Salma,

Sisi hapa Karama wazima, alhamdulillahi. Babu yako goti linamsumbua, lakini kila Ijumaa bado anagombana na muuza samaki. Umeniuliza kama nimekasirika ulivyokata nywele, maana picha uliyonitumia sikuijibu.

Usichanani mwangu nilifanya kazi hapa hapa Dubai kwa madam mmoja wa Kijapani. Ukumbini kwake palikuwa na picha ya mwanamke, imechapwa kwa vibao vya mti vilivyochongwa, kila rangi na kibao chake. Amevaa kimono cha kizamani, shingo wazi, nywele kazikata usawa wa masikio, enzi picha hiyo inachorwa mtindo huo ndio kwanza unaingia kwao. Kila nikipiga deki namwonea haya. Siku moja nikavua mtandio wangu nikamfunika.

Madam aliporudi hakucheka. Aliuinua mtandio taratibu, akasema, "Bibi yangu alikata nywele hivi hivi. Mama yake alikufa hawajasemeshana tena kwa ajili hiyo." Akaukunja vizuri, akanirudishia.

Nikamtazama tena yule mwanamke. Ameshika kioo kidogo mkononi. Sikuona ujuba wowote, niliona mtu anayengoja kuambiwa kapendeza.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nasubiri picha yako isafishwe dukani. Nimeitundika ukumbini, mkabala na mlango, kila mgeni aione. Haina mtandio juu yake.

Umependeza, mwanangu.

Bibi yako