Ndugu wa Kumzika Karwirwa

Githongo,
kupitia Meru.
3 Agosti 1986

Mpendwa mdogo wangu Felicitas,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. U hali gani huko Burgos, na masista wenzako hawajambo? Ulisema kifua kilikusumbua wakati wa baridi. Natumaini sasa kimetulia, maana kwenu ni majira ya joto. Sisi huku tunavuta pumzi tu. Baba anatembea kwa fimbo, na Mama anakula tukimbembeleza. Ukungu haujatoka Githongo tangu Juni, nguo hazikauki, na moto wa jikoni hatuuzimi.

Najua telegramu ya Padri ilikufikia, maana ulijibu. Lakini telegramu ina maneno machache, nawe umeuliza dada yetu alikufaje na nani alimzika. Itabidi nirudi nyuma kidogo. Mambo ya Karwirwa yalipoharibika wewe ulikuwa bweni, na wakubwa walikuficha mengi.

Unajua aliolewa Gachoka, kule Mbeere. Pengine hujui kwa nini. Baba alikuwa akishuka Mbeere kununua mbuzi, na siku moja ukazuka ugomvi sokoni. Mtu mmoja aliyefuatana na Baba akamkata panga kijana wa huko, mkono ukapooza. Tangu hapo mtu wa kwetu hakuweza kukanyaga Gachoka, na wao walikuwa wakituvizia njiani. Wazee wa pande zote wakaona dawa ni ndoa: binti wa Baba aolewe na Muthamia, kaka wa yule aliyekatwa.

Usidhani alikokotwa. Muthamia alipokuja na wazee wao, Karwirwa alimtazama kutoka mlangoni, kisha akarudi jikoni akaniambia, "Huyu anasikiliza kwanza ndipo anajibu. Nitaenda."

Walipendana, Felicitas. Nilimtembelea Gachoka nikaona kwa macho yangu. Jua la kule lilimfanya mweusi akapendeza, akajifunza Kimbeere mpaka akawa anatucheka sisi wa mlimani. Akamzaa Bundi, akamzaa Kiende, kisha akazaa kile kitoto cha mwisho ambacho surua ilikichukua kabla hakijatembea.

Kifo hicho ndicho kilichofungua mlango. Ciakuthii, nyanya yake Muthamia, alisema mtoto hakuuawa na surua bali na giciaro. Alikumbuka kwamba zamani, wakati wa njaa, ukoo wao na ukoo wetu walikula giciaro, kiapo cha udugu. Na unajua walioapishana hivyo ni ndugu wa tumbo moja: hawadhuriani wala hawaoani. Wazee waliulizana huku na huku, wakapata mzee mmoja wa kwetu aliyesema ni kweli. Basi watu wakaogopa. Hata wale wasiokosa kanisani Jumapili waliogopa.

Mkutano ulifanyika hapa kwetu. Nilikuwepo, nilikuwa nagawa uji. Karwirwa aliitwa aambiwe kwamba ndoa imevunjwa. Alisimama akauliza, "Mlinioza ili mpatane. Mmepatana. Sasa mnanirudisha ili mpatane na nani?" Muthamia alisema hataki, akasema tena, mpaka baba yake akamwambia akikataa na watoto wengine wakafa, damu yao itakuwa juu yake. Hapo akakubali.

Mahari haikurudishwa, kwa hiyo watoto wakabaki Gachoka. Wazee wakaamua pia kwamba hao wawili wasionane tena. Karwirwa akarudi nyumbani na sanduku lile lile aliloondoka nalo, akaanza kuchuma kahawa ya Baba kama msichana.

Huku nyuma Muthamia alitafutiwa mke mwingine, mama mwenye roho nzuri aliyewalea Bundi na Kiende bila ubaya. Shule zikifungwa, Muthamia alikuwa akiwaleta Embu mjini, kwa Alice, binti wa shangazi yetu, mtaani Majimbo, anawaacha, halafu anaondoka kabla mama yao hajafika. Hawakuvunja sharti hata mara moja. Alice aliniambia kwamba Karwirwa akifika alikuwa akikuta kikombe cha Muthamia mezani, chai imebaki nusu na bado ni ya moto. Alikuwa anakaa kwenye kiti kile, anaimaliza chai ile, ndipo anawakumbatia watoto.

Sasa nikukumbushe barua yako ya kwanza kutoka huko, ile uliyotueleza kwamba umeona kaburi la Malkia Berenguela. Nilimsomea Karwirwa tukimenya viazi. Nilisoma jinsi binti huyo wa mfalme wa Kastilia alivyoozwa mfalme wa Leoni ili majirani hao waache vita, wakazaa watoto watano, kisha Papa akasema wale ni watu wa damu moja na ndoa haifai. Karwirwa aliweka kisu chini. Akauliza, "Na watoto?" Nikamwambia barua haisemi. "Muulize," akasema.

Ukajibu kwamba alirudi kwao, na kwamba miaka baadaye kaka yake, mfalme kijana, aliangukiwa na kigae cha paa akafa, ufalme ukamjia yeye, naye akauweka mikononi mwa mwanawe Fernando. Karwirwa alinifanya nisome mahali hapo mara mbili. Akasema, "Huyo mama hakukaa kulia tu."

Kwa hiyo kaka yetu Thuranira alipoangukiwa na mti akafa bila mke wala mtoto, na Baba akagawa shamba akampa Karwirwa fungu la marehemu, mimi sikushangaa alipotangaza kwamba ni la Bundi. Watoto wa baba zetu wadogo walikasirika. Walisema kahawa ya Githongo haiwezi kwenda kwa Mmbeere. Yeye aliwajibu, "Mtoto wangu nilinyang'anywa kwa sababu sisi ni ndugu. Kama ni ndugu, basi ni mtoto wa hapa." Baba akacheka, mara ya kwanza tangu tumzike Thuranira, na neno likapita.

Bundi alimaliza shule mwaka jana, akaja. Mama yake alimjengea chumba. Walipogoa kahawa pamoja, wakapanda mistari mipya kule chini mtoni. Miezi michache tu, Felicitas. Alikuwa akiniita kutoka ng'ambo ya ua nije nione kijana wake akila.

Julai baridi ikampata Karwirwa. Alikohoa akasema ni moshi. Tulipompeleka hospitali mapafu yalikuwa yamejaa. Alikufa asubuhi Kiende akiwa njiani kutoka Gachoka, na Bundi alikuwa amemshika miguu akisema ni baridi, tumfunike.

Tulimzika shambani kwake. Watu wa Gachoka walikuja wengi, na Muthamia alikuwa kati yao, amesimama kando ya ua. Jeneza lilifunguliwa watu wapite kumuaga, naye akapita kama wengine. Padri alipomaliza sala, mzee wa ukoo akaita ndugu wa marehemu washuke wampokee kaburini. Thuranira hayupo. Baba hawezi. Wale watoto wa baba zetu wadogo walitazama chini, na hakuna aliyesogea. Niliona aibu hata nikaanza kuvua viatu nishuke mimi.

Ndipo Muthamia akavua koti, akaja mpaka ukingoni. Mzee akamzuia kwa mkono. "Wewe hapa ni nani?"

Akajibu kwa sauti ya chini, lakini tulisikia wote. "Mlisema mimi ni ndugu yake. Nimesikia ndugu anaitwa."

Mzee aliondoa mkono. Muthamia akashuka, Bundi akashuka nyuma yake, wakampokea, baba na mwana, wakamlaza. Tangu siku ile hakuna aliyezungumza habari ya shamba, na Bundi anakaa kwenye chumba alichojengewa.

Baadaye Kiende alimwagia baba yake maji anawe udongo. Nilimpelekea taulo. Aliipokea lakini hakujifuta, alisimama tu na mikono yenye maji. Akaniambia, "Kathure, ana mvi. Wakati wote huu nilikuwa namfikiria, na hakuna aliyeniambia kwamba ameota mvi."

Mama anakusalimu, anasema umwombee Karwirwa na yule mtoto wake pamoja. Baba anakusalimu. Bundi na Kiende, Alice wa Majimbo, na Ednah wangu, wote wanakusalimu. Wasalimie masista.

Mungu aliyetupunguza akulinde wewe kwa ajili yetu, akurudishe siku moja ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako ninayekupenda,
Kathure